Kabla Hamjapitisha Mkopo wa Safari: Barua kwa Vijana wa Kikundi Chetu, Rau

Vijana wangu wa kikundi cha kuweka na kukopa, Rau, Moshi,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Ajenda ya kikao cha Jumamosi nimeisoma kwenye simu ya mjukuu wangu, na macho yakanisimama kwenye kipengele cha nne: kuanzisha mkopo wa safari, shilingi milioni moja na nusu kwa kila mwanachama atakayepata nafasi ya kazi Uarabuni, hela ilipwe moja kwa moja kwa wakala, irudishwe ndani ya mwaka kwa riba ya asilimia 10. Mimi ni mlezi wenu tu, kura sina. Ndiyo maana nawahi kuandika, tena hadharani, maana najua vikundi vingine vya hapa mjini, kuanzia Pasua hadi Kiboriloni, vimeshaanza mazungumzo kama haya.

Niweke msimamo wangu mezani mapema, asije mtu akasema babu anawafungia njia. Anayetaka kwenda nje kufanya kazi na aende. Ninachokipinga ni mkopo huu, kwa namna ulivyoandikwa. Sehemu kubwa ya faida ya kazi ya nje huamuliwa kabla mtu hajafika uwanja wa ndege wa KIA na begi lake, na mkopo huu unaiua faida hiyo hapa hapa Rau, kwa mikono yetu, kwa hela ya hisa zetu.

Tuanze na kwetu. Mtu wa Kilimanjaro hana mdomo wa kusema kuondoka nyumbani ni usaliti. Kihamba cha babu yangu, yaani shamba la ukoo, kiligawanywa kwa baba na ndugu zake, cha baba kikagawanywa kwetu, na kipande nilichoachiwa mimi migomba yake unaihesabu ukiwa umesimama mlangoni. Kahawa ilitubeba kwa muda mrefu, ikajenga na shule, ikampa mkulima jeuri ya kuingia dukani bila daftari la madeni. Kisha mwaka 1989 mfumo wa migao ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na vijana wengi wakateremka mlimani na kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, na wengine wakavuka Namanga. Mnapocheka kwamba Mchaga Desemba lazima apande mlimani "kuhesabiwa", mnacheka historia hiyo. Wengi wenu mmesomeshwa kwa hela ya mjomba aliyekuwa na duka Kariakoo au shangazi aliyekuwa Nairobi. Kuvuka bahari ni mwendo huo huo, ila huko shangazi hana pa kukimbilia usiku.

Mimi nilikaa dirishani benki mpaka nikastaafu. Kabla ya simu kuanza kupokea hela, waliotumiwa kutoka mbali walikuja kwetu na kitambulisho, barua iliyokunjwa, na foleni ndefu. Kulikuwa na mama mmoja wa Old Moshi aliyekuwa akija na bahasha kuukuu mfukoni, tatu au nne. Nikishamhesabia, hakuondoka. Alisogea pembeni ya kaunta, akaanza kugawa: bahasha hii ada, hii dawa za mzee, hii mbolea, na ile ya mwisho haikuwa na maandishi juu yake. Siku moja nikamuuliza ile ni ya nini. Akanijibu, "Hiyo ni yake mwenyewe akirudi." Alikuwa akiipeleka dirisha la pili na kuiweka kwenye akaunti ya mtoto. Nimesoma na kusikia mengi juu ya uchumi wa wahamiaji, lakini mtu aliyeielewa hela ya ughaibuni kuliko yule mama sijamwona.

Nawaambia haya kwa sababu kuna wasomi wanaolalamika kwamba hela zinazotumwa "zinaliwa", hazijengi viwanda. Zinaliwa, ndiyo. Dawa ya presha inaliwa. Unga unaliwa. Mtoto aliyemaliza sekondari kwa ada ya dada yake aliyeko Muscat naye mtamwita hela iliyoliwa? Hapo sikubaliani nao hata kidogo.

Na hela yenyewe si ndogo. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, mwaka 2023 nchi za kipato cha chini na cha kati zilipokea kama dola bilioni 656 kutoka kwa watu wao walioko nje. Zilizidi uwekezaji wa kigeni, na misaada ya wafadhili ziliiacha mbali sana. Majirani zetu Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na dola hizo ndizo zinazoisaidia nchi kununua mafuta na dawa bila kuhangaika. Tena ni hela yenye huruma kuliko ya mwekezaji. Corona ilipoingia mwaka 2020, Benki ya Dunia ilitabiri kwamba zitashuka kwa asilimia kama 20. Mwaka ulipokwisha zilikuwa zimepungua kwa chini ya asilimia 2. Mwekezaji akiona moshi hukimbia na mtaji wake, lakini binti anayeosha vyombo Riyadh akisikia mama hana unga anakopa ili atume.

Lakini hata hela hiyo ina watu wanaoinyofoa njiani. Kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara kuligharimu wastani wa karibu asilimia 8 mwishoni mwa 2023, yaani kama dola 16 zinaishia kwa kampuni za kutuma hela. Nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 gharama hiyo iwe chini ya asilimia 3. Tunaelekea 2030, na bado dirisha la kutuma hela ni moja ya biashara nzuri kuliko zote. Kwa hiyo aliyeko nje asitume kidogo kidogo kila wiki kwa kuwa dada kapiga simu analia. Atume kwa mpango, alinganishe bei za njia mbalimbali, na atazame kiwango cha kubadilishia hela, maana wajanja wengi siku hizi hutangaza ada ndogo halafu wanakupiga kwenye dola.

Sasa nirudi kwenye kipengele cha nne, maana ndicho kilichoniamsha.

Tufanye hesabu ya kibenki. Chukueni kazi ya ndani Omani ya riali 80 kwa mwezi. Riali moja ni kama dola 2.6, kwa hiyo ni dola 208, kwa hela yetu laki tano na ushee. Mkopo wa milioni moja na nusu na riba yake ni milioni moja na laki sita na nusu. Maana yake binti atafanya kazi miezi mitatu na zaidi bila kununua hata sabuni, ndipo awe amelilipa deni la kikundi. Na hiyo ni kama mshahara umelipwa, umelipwa kwa wakati, na umelipwa kama ulivyoandikwa. Ukichelewa, riba yetu haichelewi.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo katika ajenda yenu sikuiona. Katika nchi nyingi za Ghuba kuna utaratibu unaoitwa kafala. Viza ya mfanyakazi inafungwa kwa mwajiri wake. Akiondoka kwa mwajiri bila ruhusa anahesabiwa ametoroka, na anaweza kukamatwa na kurudishwa. Yapo mabadiliko: Qatar mwaka 2020 ilifuta sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili kuhamia kazi nyingine, na Saudia mwaka 2021 ilileta mageuzi yake, ila wafanyakazi wa majumbani, ambao ndio ninyi mnaoombwa kwenda, wakaachwa nje ya mageuzi hayo ya Saudia. Shirika la Human Rights Watch mwaka 2017 lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa na mwajiri, siku ya kazi isiyo na mwisho, mishahara isiyolipwa, na wengine kupigwa na kudhalilishwa.

Simaanishi kwamba kila nyumba ya huko ni jela. Wako waliorudi hapa Njoro na kufungua saluni, na wanamtaja bosi wao kwa heri kila sikukuu. Lakini fikirini hali ya yule aliyeangukia nyumba mbaya. Anataka kukataa, anataka kwenda ubalozini, anataka kusema nirudisheni. Kinachomfunga mdomo ni deni. Akirudi kabla ya mwaka, atakutana na ninyi mmekaa kwenye viti vya plastiki mnataka marejesho, na mdhamini wake ni mama yake mzazi. Kwa hiyo atanyamaza, avumilie. Mkopo huu ni kufuli ambalo mwajiri mbaya hahitaji kulinunua, tunamnunulia sisi.

Na huyo wakala anayetaka alipwe milioni moja na nusu, kwanza analipwa kwa lipi? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu mawakala binafsi wa ajira, namba 181 wa mwaka 1997, unasema wazi kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada, iwe kwa mlango wa mbele au wa nyuma. Mwenye shida ya mfanyakazi ndiye alipe. Waajiri wa Ghuba wanalipa mawakala wa kwao hela nzuri kumpata mtu mmoja. Anayewatoza ninyi tena anakula huku na huku, na mtu wa namna hiyo ukimpigia simu siku binti yuko matatizoni, namba haipatikani.

Mwezi uliopita mmoja wenu aliniletea mkataba nimsomee. Kurasa mbili, Kiarabu upande wa kulia, Kiingereza upande wa kushoto, Kiswahili hakuna. Niliufungua pale barazani, nikavaa miwani, tukapita mstari kwa mstari. Mshahara ulikuwepo. Chakula na malazi vilikuwepo. Siku ya mapumziko, haikutajwa. Saa za kazi, hazikutajwa. Idadi ya watu wa kuhudumiwa ndani ya nyumba, kimya. Lakini kulikuwa na kifungu kirefu kuliko vyote, kwamba mfanyakazi akivunja mkataba kabla ya miaka miwili atarudisha gharama zote za kumleta. Jina la mwajiri lilikuwa limeachwa wazi kwa nukta nukta. Nikamuuliza, "Mjukuu, unakwenda kwa nani?" Akasema wakala kamwambia jina litajazwa akishafika. Nilimwambia arudishe makaratasi yale, na nasikia hajafurahi. Bora aninunie.

Hapa nina la pembeni, na litawauma wazazi wenu zaidi kuliko ninyi. Tunalaani matajiri wa Muscat, sawa. Lakini yule dada wa kazi aliyeletwa kutoka Singida au Iringa, anayelala chumba cha stoo hapa hapa Moshi, ana siku ya mapumziko? Ana mkataba? Simu yake anaishika nani? Kuna nyumba za watu wa kanisani kabisa ambazo binti hutoka nje akiwa na ndoo ya takataka tu. Kilimanjaro nayo inapokea vibarua. Mashamba ya miwa ya TPC kule Arusha Chini yalijengwa na mikono ya watu waliotoka mbali, na wapagazi wanaobeba mahema ya wageni mlimani si wote waliozaliwa Marangu. Kikundi kitakachomdai Mwarabu haki kianze na wanachama wake. Nimemaliza.

Upande wa nchi nao una hesabu zake, na hapa msikubali kudanganywa na pande zote mbili. Kuna wanaosema mtu akiondoka nchi imeibiwa. Kuna wanaosema mtu akiondoka nchi imepata dola. Tazameni manesi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitaja nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo mataifa tajiri hayatakiwi kwenda kuzoa watumishi wake, na Tanzania imo. Ukisoma hapo tu utasema nesi asiondoke. Lakini mnajua kama ninavyojua kwamba wako vijana waliomaliza uuguzi hapa hapa, wana vyeti na leseni, na wanauza mitumba Mbuyuni kwa sababu nafasi za ajira serikalini hazitoshi. Zahanati haina nesi, na nesi hana zahanati. Kijana huyo akipata kazi Uingereza kwa maombi yake mwenyewe, wodi ya hapa haijapoteza mtu, kwa kuwa haikuwa naye. Anayetuumiza akiondoka ni sista wa wodi mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano, anayeweza kumtazama mama anayejifungua na kujua bila mashine kwamba mambo yanaharibika. Huyo hospitali yetu ya KCMC haiwezi kumpata kwa tangazo la gazeti. Akiondoka, anaondoka na manesi wote ambao angewafundisha.

Wafilipino ndio waliofika mbali katika jambo hili. Tangu sheria yao ya kazi ya mwaka 1974 wamekuwa wakipeleka watu nje kwa mpango wa serikali, na leo wanapokea zaidi ya dola bilioni 30 kila mwaka. Wana mfuko wa ustawi ambao mchango wake ni dola 25 kwa mkataba, na mwaka 2021 walitunga sheria ya kuunda wizara nzima ya wafanyakazi walioko nje. Marekani ilipofungua viza nyingi za manesi miaka ya 2000, vijana walimiminika kwenye vyuo vya uuguzi, na waliopata leseni wakazidi kwa mbali walioondoka, kwa hiyo nchi ikabaki na manesi wengi kuliko mwanzo. Hilo ni jema, na linawanyamazisha wanaodhani kila anayetoka ni hasara. Lakini viza zilipobanwa, wengi walibaki na vyeti mikononi. Na jambo moja hunisumbua kuhusu Ufilipino: walianza kama mpango wa muda, mpaka uchumi wa ndani usimame. Nusu karne imepita, na bado viwanja vya ndege vyao vimejaa akina mama wanaowaaga watoto.

Tajikistan ni mbaya zaidi. Kuna miaka ambayo hela za watu wake walioko Urusi zimekaribia nusu ya pato la taifa. Rubo, hela ya Urusi, ilipoanguka mwaka 2014 na 2015, kaya za vijijini Tajikistan zilikosa hela kwa vita na bei ya mafuta ambavyo hawakuvianzisha wao. Nchi inayoishi kwa hela ya kutumiwa husahau kudai ajira kwa viongozi wake, na viongozi wanalijua hilo. Mbunge ambaye vijana wake wakorofi wote wako Dubai analala vizuri. Kwa hiyo nawaomba, mnapopanga safari msiache kuuliza kwenye mikutano ya kata kwa nini kiwanda fulani kimefungwa, na kwa nini Serikali haijafunga makubaliano yenye meno na nchi zinazochukua watu wetu. Kenya na Ufilipino zimegombana na Ghuba waziwazi juu ya haki za watu wao. Anayenyamaza anachukuliwa kwa bei ya chini.

Kuna pia hawa wenye digrii wanaokwenda majuu kubeba maboksi. Siwacheki, maana boksi linalipa kuliko ofisi nyingi za hapa. Ila ukikaa miaka kumi ghalani, cheti chako cha uhandisi kinaoza, na ukirudi hakuna atakayekupa daraja ulisimamie. Na mkumbuke kwamba Bodi ya Mikopo iliyokukopesha chuoni haikusahau kwa kuwa umevuka bahari. Ukirudi ukaajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara, na deni litakuwa linakungoja.

Pandeni sasa Machame, Kibosho au Rombo siku ya kawaida, isiwe Desemba. Mtaona majumba ya ghorofa yenye vioo vya buluu, geti la chuma, na pazia lisilofunguliwa mwaka mzima. Nyuma yake, chumba kimoja, anakaa mlinzi na kuku wake. Mibuni imezeeka, hakuna wa kuipogoa. Bibi wa miaka themanini analea wajukuu watatu wa mabinti wawili walioko nje, anawafokea kwa Kichaga na wao wanamjibu kwa Kiswahili cha runinga. Hela inakuja kila mwezi, hilo bibi halikani. Lakini nani anamvusha mtoto wa miaka kumi na minne anapoanza kupotea? Mama yake anamwona kwenye skrini ya simu, tena mtandao ukiwa mzuri. Anayeondoka akiacha mtoto aseme kwa jina ni nani atakayekaa na huyo mtoto, amlipe huyo mtu kama anavyolipwa mfanyakazi, na asimtupie bibi tu kwa kuwa ni bibi.

Nyumba jengeni, sizuii, na anayeponda nyumba ya mwenzake mara nyingi ana yake tayari. Lakini ianze bahasha ya yule mama, ile isiyoandikwa kitu. Nchi nyingi za Ghuba hazimwekei mgeni pensheni, akimaliza anapewa kiinua mgongo, akikipata. Anayekwenda afungue akaunti yake mwenyewe kabla ya kuondoka, kwa jina lake, yenye hela ambayo kaka yake hawezi kuigusa hata awe na msiba. Achangie NSSF kwa hiari. Nimeona watu wakirudi na kukuta kiwanja walichotumia hela miaka mitano ni picha ya kiwanja cha jirani.

Nizungumzie pia wanaorudi bila kitu, maana ni wengi kuliko mnavyodhani, na hatuwaoni kwa sababu wanajificha. Mtu anakaa Dubai bila kibali, anakosa hata nauli, na bado harudi kwa kuogopa Desemba. Atafikaje Moshi bila zawadi, watu wamekaa barazani wanamngoja? Mkono mtupu haulambwi, tunasema, na kwa kauli hiyo tunawafanya watoto wetu walale kwenye vyumba vya watu kumi huko Deira. Wengine huko Ulaya wanajilipua, kama wanavyosema wenyewe, yaani wanajiita wakimbizi wa nchi wasiyoijua hata bendera yake, ili mradi wasirudi. Kikundi hiki kiwe na kanuni moja iliyoandikwa: mwanachama akirudi, kwa ndege au kwa kufukuzwa, anapokelewa, hisa zake ziko palepale, na hakuna anayemwuliza kaleta nini.

Na msiba. Mnajua jinsi inavyokuwa: ujumbe wa WhatsApp usiku, picha yenye mshumaa, namba ya kuchangia, na kuusafirisha mwili ni mamilioni kadhaa. Tumeshachanga, na tutachanga tena. Lakini ulizeni kwenye mkataba kama mwajiri au bima analipa kurudisha mwili nyumbani. Ni kifungu cha mstari mmoja. Kama hakipo, kidaini kabla ya kusaini.

Basi pendekezo langu kwa Jumamosi ni hili. Kipengele cha nne kifutwe, na mahali pake kije mkopo wa maandalizi, usiopita laki tano, usiolipwa kwa wakala hata senti. Ulipie pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000, ulipie cheti cha kuzaliwa kwa wasio nacho, vipimo vya afya, na kozi fupi. Chuo cha ufundi cha VETA Moshi kiko hapa hapa. Fundi umeme au mpishi mwenye cheti anajadili mshahara, asiye na cheti anaambiwa. Miezi mitatu ya Kiarabu au Kiingereza cha kazini itakufaa kuliko mazungumzo yote ya wakala. Anayekopa aache kwa katibu nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba wenye jina kamili la mwajiri na anwani, namba ya ubalozi wetu wa nchi anayokwenda, na jina la wakala pamoja na leseni yake, ambayo katibu ataithibitisha kwenye ofisi ya Serikali inayosimamia huduma za ajira kabla hela haijatoka. Wakala akikataa kuthibitishwa, tumeshajua ni nani. Tunayo Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008, na kituo cha polisi hakiko mbali.

Halafu mkubaliane na kila anayeondoka juu ya neno la siri, la kawaida tu, analoweza kulitaja kwenye simu mbele ya bosi wake bila kushtukiwa. Akilisema, katibu anapiga simu ubalozini siku hiyo hiyo, na marejesho yake yanasimama bila riba mpaka arudi. Hilo la riba ndilo najua litaleta ubishi, kwa hiyo mhasibu aje na vitabu tuone kikundi kinaweza kubeba watu wangapi kwa wakati mmoja. Kwa jicho langu hawazidi wawili.

Wale watatu walioshapewa mikataba wawahi saa tatu asubuhi kabla ya wengine, waje na makaratasi yote, hata yale waliyoambiwa wasimwonyeshe mtu. Nimemwomba mwalimu mmoja wa madrasa anayekisoma Kiarabu vizuri akae nasi. Chai ipo, vitafunio mje navyo.

Babu yenu,
Mlezi wa kikundi, Rau